Mfuko wa Kadi za Mtani Wangu

Wivu wangu ulianza siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, nikiwa katikati ya kuwasomea wanafunzi wa mwaka wa pili nukuu za malaria kali. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimefika kwenye ule ukurasa wa daftari ambao kona yake ililiwa na mende. Nje, barazani, kikalipuka kicheko. Si kicheko cha mtu mmoja, cha darasa zima, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakipiga makofi na kumzomea mwenzao. Wangu wakainua vichwa kwa pamoja na kutazama dirishani. Nikawaambia waandike. Waliandika, lakini nilijua masikio yao yako nje.

Nilikuwa nimefundisha pale miaka kumi na moja. Kilikuwa chuo cha afya hapo Ifakara, cha kuwaandaa vijana watakaokwenda kutibu watu kwenye zahanati za bondeni, na mimi sifa yangu ilikuwa nukuu. Nilisimama, nikafungua daftari, nikasoma polepole, wao wakaandika. Mtihani ulipokuja walifaulu. Waliotoka mikononi mwangu walikuwa wamesambaa Mang'ula, Mlimba, hadi ng'ambo ya mto kwetu Mahenge, na kila zahanati niliyopita nilipewa kiti kabla sijakiomba. Sikuwa mwalimu wa kuchekesha. Sikuona kwa nini malaria ichekeshe.

Aliyekuwa barazani ni mwalimu mpya, mwanamke niliyemzidi umri kwa miaka kama kumi hivi. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto huko Songea, akapelekwa kozi fupi ya ufundishaji, akarudi na kichwa kilichojaa mambo. Kwetu aliletwa kwa majaribio ya mwaka mmoja. Mkuu wa chuo alituambia wazi kikaoni, naye mwenyewe akiwepo: mwisho wa mwaka watakuja wageni kutoka wizarani kutazama anavyofundisha. Wakiridhika, atathibitishwa kuwa mwalimu na njia zake zitaingia kwenye ratiba. Wasiporidhika, atarudi wodini alikotoka. Wakati mkuu akisema hayo, yeye alikuwa akikatakata boksi la dawa kwa mkasi, vipande vidogo vidogo, kama mtu anayetengeneza karata.

Sasa, yeye ni Mngoni na mimi ni Mpogoro, na sisi ni watani tangu enzi za babu zetu. Siku aliporipoti, nilisubiri aniamkie, maana umri ulinistahilisha. Badala yake alinitazama juu hadi chini, akasema, "Kumbe siku hizi Wapogoro nao wanavaa tai." Walimu wote wakacheka, na mimi nikacheka, nikamjibu kwamba Mngoni akiiona tai hudhani ni kamba ya kufungia mbuzi wa kuiba. Tangu siku hiyo hakuna shikamoo iliyopita kati yetu; kwa watani matusi ndiyo salamu. Wiki ya pili nilichukua mwavuli wake, nikautundika kwenye mti wa bendera, na kwa mujibu wa mila akaja kuukomboa: akaleta kuku mwekundu, nikaupokea utani na kuku wake, mke wangu akampika. Yeye naye akaja kuichukua tai yangu, nikaikomboa kwa mafungu mawili ya perege. Ndivyo ilivyo. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Unauliza bei, anataja, unatoa, mambo yanakwisha kwa kicheko.

Nimelieleza hili mapema kwa sababu ndilo lililonifaa. Mtu mwingine akiwa na wivu lazima aufiche. Mimi niliweza kuutoa hadharani kila siku na watu wakashangilia. Nilimwambia mbele ya wanafunzi kwamba anawafundisha kucheza badala ya kutibu, kwamba huko kwao wagonjwa hutibiwa kwa kete. Walicheka hadi wakashika mbavu. Hakuna aliyejua kwamba kila neno nililisema kwa dhati. Labda yeye alijua, lakini naye alicheka.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Alichora kwa chaki, sakafuni pale barazani, njia ndefu ya vyumba vyumba kuanzia Masagati hadi mlango wa hospitali Ifakara. Kuanzia Masagati ni shauri la mwanafunzi mmoja wa kike aliyezaliwa huko, aliyesema kwao ndiko mwisho wa dunia, hivyo ndiko safari ianzie. Kila kundi lilibeba mtoto wa matambara kwenye kanga. Walirusha dadu la mti, kubwa kama ngumi, lililochongwa na fundi seremala wa mtaa wa Viwanja Sitini, kisha wakatembea wenyewe kwa miguu juu ya vyumba. Kila walipotua walivuta kadi. Mtoto amepata degedege, mko porini, hamna sindano: fanyeni nini? Treni ya Mlimba imechelewa na mtoto anatapika dawa: fanyeni nini? Wakijibu sawa, wanasonga. Wakikosea, mtoto amekufa, wanarudi Masagati huku kundi la pili likiwaimbia nyimbo za msiba. Niliwahi kumwuliza kwa nini njia yake haikupita kwenye kivuko, upande wa kwetu. Akasema Mpogoro akishavuka mto harudi, hakuona sababu ya kupoteza chaki.

Hilo nalo liliniuma. Mtu mzima niliumia kwa kunyimwa mstari wa chaki.

Kisha ukaja ubao. Aligongomea kipande cha plaiwudi kwenye ukuta wa bwalo, akaweka sanduku la pini, akasema mtu yeyote mwenye swali aandike kwenye karatasi abandike, na yeyote mwenye jibu abandike chini yake. Yeyote. Wa mwaka wa kwanza alimjibu wa mwaka wa pili. Mpishi wetu alijibu swali la maji ya chumvi na sukari, akajibu vizuri kuliko wanafunzi watatu waliomtangulia. Maswali yaliyowashinda wote aliyachukua kila Ijumaa, akaenda kwenye ofisi moja jirani iliyokuwa na kompyuta na laini ya simu, akayatuma kwa barua pepe kwa mwalimu mwenzake wa kozi, kwenye chuo kingine mbali huko, na wanafunzi wa huko wakatuma majibu na maswali yao. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Wengi wetu neno barua pepe tulikuwa tukilisikia kwa mara ya kwanza. Mvua zikikata laini, majibu yalichelewa wiki mbili, na watoto wa watu walikwenda ubaoni kila asubuhi kuchungulia kama wanaosubiri barua ya mchumba. Yalipofika, yalikuwa kwenye karatasi zile ndefu zenye matundu pembeni. Walizigombania.

Mimi nilipita bwaloni mara nne kwa siku nikijifanya natafuta chai. Nilikuwa nikihesabu. Karatasi ngapi zimeandikwa "kwa mwalimu wa michezo" na ngapi zimeandikwa kwangu. Zangu hazikuwepo. Siku moja nikaandika swali gumu kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usitambulike, swali la kipimo cha kwinini kwa mtoto mwenye utapiamlo, nikalibandika wakati wa misa, nia yangu ikiwa aaibike. Jumatatu nilikuta jibu limeandikwa kwa penseli na mwanafunzi fulani: "Hili mwulizeni mwalimu wa nukuu, ndiye anayelijua." Hapo mwenye akili angefurahi. Mimi nilisema moyoni kwamba ni kwa penseli, maana yake hawana uhakika, nikaing'oa karatasi nikaitia mfukoni.

Mwaka ukaisha hivyo. Wageni wakatangaza siku yao. Mkuu wa chuo akapaka chokaa mawe ya njiani, mchezo ukachorwa upya kwa chaki ya rangi, na siku moja kabla ya ugeni, mchana, nilikuta chumba cha walimu kitupu. Juu ya kabati ulikuwa mfuko wake wa kitenge wenye kadi zote. Niliutazama kitambo. Nilijiambia kwamba ni utani, kwamba mwavuli ulikuwa mwavuli na kadi ni kadi. Nikaufunga kwenye keria ya baiskeli, nikautupia koti la mvua, nikaenda nyumbani.

Mke wangu alikuwa akipepeta mchele uani. Alipouona mfuko akacheka. "Mwambie safari hii nataka jogoo," alisema. "Yule wa mwanzo alikuwa mifupa mitupu."

Nikaingia ndani, nikamwaga kadi kitandani. Nilitaka kuona upuuzi wenyewe kwa karibu. Ya kwanza niliyoshika ilikuwa ya mtoto wa degedege. Nikaigeuza nyuma, panapoandikwa jibu. Palikuwa pameandikwa: "Kabla hujatafuta sindano, tafuta sukari." Haya ni maneno yangu. Nilikuwa nikiyasema kila mwaka, kwenye ukurasa ule ule wa mende, kwa sauti ile ile, na sikuwahi kuona mtu akitabasamu. Nikashika nyingine. "Mama akisema mtoto wake hayuko sawa, amini mama, kisha pima." Yangu. "Mgonjwa aliyenyamaza ndiye wa kwanza." Yangu. Nilizipitia zote. Miandiko ilikuwa tofauti tofauti, ya wanafunzi, na mingi niliijua kutokana na kusahihisha mitihani yao. Chini ya mfuko kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wa mtani wangu, maagizo aliyowapa darasa: kila mmoja aandike jambo moja alilofundishwa na mwalimu yeyote, na ambalo hajalisahau. Wa mwaka wa kwanza waliokuwa bado hawajafika mikononi mwangu waliambiwa wakawaulize wa mwaka wa pili.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Barazani walipokuwa wakipiga makofi, yalikuwa ni maneno yangu wakiyapigia.

Ningependa kuandika kwamba nililia, nikapanda baiskeli nikaurudisha mfuko. Ukweli ni kwamba nilifurahi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha wivu ukarudi mara mbili. Niliona kwamba miaka kumi na moja nimeyasema maneno hayo kwenye chumba kilicho kimya kama kanisa tupu, na yeye ameyachukua, ameyaandika kwenye maboksi ya dawa, na watu wanayacheka na kuyapenda. Anakula jasho langu, nilisema. Wageni watamsifu yeye kwa maneno yangu. Nikazirudisha kadi mfukoni, nikausukuma mfuko chini ya kitanda kwa mguu.

Asubuhi alinisubiri getini. Alikuwa amevaa gauni la heshima, la bluu, na kwapani ameshika jogoo aliyefungwa miguu kwa ukili. Wageni walikuwa tayari ofisini kwa mkuu wakinywa chai.

"Haya, Mpogoro," akasema huku anacheka. "Nimekuja kukomboa. Na huyu si mifupa kama yule wa kwanza uliyemlalamikia, mshike mwenyewe kifuani uone. Nipe mfuko wangu, wanamaliza chai hao."

Mila ilinitaka niseme jogoo hatoshi, aongeze na mchele, tubishane kidogo, kisha nitoe. Mtani huchukua kitu, lakini hakikani. Akikana, huo si utani tena, una jina lingine, na kila mtoto wa bonde lile analijua.

Nikamwambia, "Mfuko gani?"

Akacheka tena. "Usinicheleweshe bwana. Taja bei."

"Mimi sijachukua kitu chako," nikasema.

Nilisema bila kutabasamu. Alibaki amenitazama, akisubiri uso wangu ukunjuke kwa kicheko, na mimi nikaukaza. Jogoo alikuwa akihangaika kwapani mwake. Aliinama, akamfungua ukili, akamwacha aende zake kwenye mpunga wa jirani. Kisha akakung'uta manyoya kwenye gauni lake na kwenda barazani.

Walicheza bila kadi. Wageni walikuwa watatu, wamekaa kwenye viti vya mkuu vilivyotolewa nje, na mimi nilisimama nyuma pamoja na walimu wengine. Aliwaambia wanafunzi wazikumbuke kadi kichwani. Mwanzo ulikwenda vizuri. Lakini lilipokuja suala la nani amejibu sawa, hapakuwa na cha kugeuza nyuma kusoma. Kundi moja likasema jibu ni hili, kundi jingine likapinga, kelele zikapanda, mtoto wa matambara akaanguka kutoka kwenye kanga, mtu akamkanyaga. Mgeni mmoja aliitazama saa yake. Ndipo yule binti wa Masagati akasimama katikati ya vyumba, akasema kwa sauti kubwa, "Kabla hujatafuta sindano, tafuta sukari. Ndivyo kadi ilivyosema, na ndivyo ilivyo."

Mgeni mwenye miwani akainua kalamu. "Hilo ni sahihi kabisa. Limetoka wapi? Limeandikwa kwenye mtaala gani?"

Binti akaugeuza uso wake upande wetu walimu. Mtani wangu naye akageuka. Angeweza kusema, "Ni maneno ya yule pale," na sijui kwa nini hakusema. Nadhani aliniachia mimi. Nilichotakiwa kufanya ni kuinua mkono. Jambo lile nililokuwa nikilitamani mwaka mzima, kwamba mtu aulize maneno hayo ni ya nani, lilikuwa limekuja lenyewe na limekaa mbele yangu kwenye kiti cha mkuu. Lakini ningeinua mkono, ningeulizwa na kadi ziko wapi. Nikakohoa. Mgeni akaandika kitu, akafunga daftari lake.

Barua kutoka wizarani ilifika baada ya mwezi. Mkuu aliisoma kikaoni kwa sauti ya upole. Ilisema njia ile inafurahisha lakini haina kumbukumbu wala viwango vya majibu, na kwamba mhusika arudi kwenye kituo chake cha awali. Ubao wa plaiwudi uliachwa ukutani, lakini hapakuwa na mtu wa kupeleka maswali Ijumaa, na karatasi zikaanza kupauka.

Siku ya kumuaga tulipika pilau. Nilikuja na mfuko. Nilikuwa sijalala vizuri kwa wiki kadhaa na nilikuwa nimeamua nitasema mbele ya watu wote. Nikasimama, nikauweka mfuko mezani mbele yake, nikasema, "Mimi ndiye niliyeuchukua. Niliuchukua kwa sababu nilikuonea wivu. Umeondolewa hapa kwa sababu yangu."

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Mkuu wa chuo alijipiga paja. Mwalimu wa anatomia akafuta machozi, akasema, "Watani hawa watatuua, hata kwenye kuagana?" Mtu akadai nitozwe faini ya ng'ombe. Nilijaribu tena. Nilisema, "Jamani, sitanii," na hapo wakacheka zaidi, maana hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema kila mara ninapotania. Mwaka mzima nilikuwa nimesema ukweli wakaupokea kama mzaha, sasa nilikuwa naungama, na bado waliupokea vile vile.

Yeye peke yake hakucheka. Alivuta mfuko, akauweka mapajani, akaendelea kula pilau yake.

Kesho yake nilikwenda stesheni kwa baiskeli. Treni ya kwenda Mlimba na mbele huko ilikuwa imechelewa, na alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati, kivulini, na gunia la mchele aliloagwa nalo na wanafunzi. Njiani nilikuwa nimetunga neno. Nilitaka kumwambia kwamba yule jogoo aliyekimbia bado namdai. Nilijua nikimwambia hivyo naye akanijibu lolote, hata tusi kubwa kuliko yote ya Kingoni, basi nitakuwa nimesamehewa. Nilishuka kwenye baiskeli, nikafungua mdomo.

Akasimama. Akakunja mikono mbele, akainamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya binti aliyelelewa vizuri mbele ya mtu mzima asiyemjua.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Watu wa pembeni walitutazama, na hawakuona lolote la ajabu. Mtu mdogo amemwamkia mkubwa.

"Marahaba," nikajibu.

Akanipa mfuko wa kitenge kwa mikono miwili. "Humu kuna maneno yako," akasema. "Mimi wodini sitakuwa na kazi nayo." Kisha akaniuliza mama watoto hajambo, na watoto, na kazi, kila kitu kwa mpangilio wake, na mimi nikajibu kila kimoja. Treni ilipoingia nilimsaidia gunia. Alisema ahsante, mwalimu.

Nilirudi nyumbani nikizikanyaga pedali za baiskeli kana kwamba njia inapanda mlima, na Ifakara haina mlima. Mke wangu alikuwa uani na ungo wake.

"Ameondoka?" akauliza. "Kakuachia neno gani mtani wako? Maana yule hawezi kuondoka bila kukutukana."

Nikaegemeza baiskeli ukutani. Nikamwambia ameniamkia.

Mke wangu akaweka ungo chini.